Siku Thelathini Bila Vipekuzi

Kipekuzi kiliruka kutoka kiganjani mwa karani wa Tume ya kuchunguza vifo vya ng'ombe, kikazunguka mara moja juu ya vichwa vya watu, kisha kikatua mgongoni mwa ng'ombe mwekundu mwenye pembe ndefu aliyefungwa katikati ya uwanja. Kilikuwa chombo kidogo, hakizidi ngumi ya mtu mzima, chenye mbawa za utando unaokula mwanga wa jua na kucha laini zisizomkera mnyama. Kilitembea kwa hatua fupi fupi hadi shingoni, kikapanda sikioni, mahali kupe wa kahawia apendapo kujificha, kikaingiza mdomo. Kupe aliyewekwa pale asubuhi ile kwa ajili ya ushahidi akanaswa na kupondwa. Kwa mdomo uleule kipekuzi kilitoboa ngozi kitobo kidogo kuliko cha mbu, kikaonja tone la damu. Ng'ombe hakutikisa hata mkia. Zilikuwa zimepita sekunde kumi na moja. Ukuta-picha uliosimamishwa nyuma ya meza ya Tume ukaandika kwa rangi ya kijani: KUPE MMOJA, AMEONDOLEWA. VIMELEA VYA NDIGANA, HAKUNA.

Miaka kumi na miwili iliyopita, onyesho kama hilo liliwafanya wafugaji wa Karagwe warushe kofia zao juu. Siku hii wafugaji mia sita walikitazama chombo kile kama watu watazamao jeneza likipitishwa.

"Kimefanya kazi nzuri," akasema mmoja wao kwa sauti iliyofika kila pembe. "Sasa kiambieni kikawatafute wale wangu mia moja na tisini. Nimewafukia Kihanga, wala si mbali."

Watu walicheka kicheko kile cha msibani, kinachokatika kabla ya kumaliza. Katika safu ya mbele, Profesa Laurent Bashaija, mtu wa miaka sabini na mmoja, alikaa wima, koti limefungwa vifungo vyote, akafumba macho. Chombo kilikuwa chake. Yeye ndiye aliyekibuni, akakipa jina, na kukipeleka duniani.

Ndigana kali ni ugonjwa wa zamani katika nchi ile. Kimelea chake huishi ndani ya damu ya nyati wa mbuga ya Burigi bila kumdhuru nyati. Kupe humnyonya nyati, hudondoka majanini, na hata baada ya miezi mingi bila kula huweza kumpanda ng'ombe apitaye. Hata hivyo hana budi kunyonya siku tatu hivi kabla vimelea alivyonavyo havijapevuka na kumwagika katika damu ya ng'ombe huyo. Ndani ya siku hizo tatu ndimo Bashaija alimoiona nafasi yake. Alitengeneza vipekuzi elfu nane, kila kimoja na kundi lake la ng'ombe, na hakuna kupe aliyeachwa kunyonya hata siku moja. Kwa miaka kumi na mmoja hakufa ng'ombe hata mmoja kwa ndigana. Kiwanda cha chanjo kilifungwa kwa kukosa kazi. Dawa zilikwisha muda wake makabatini. Majosho ya kuogeshea ng'ombe yakageuzwa mabwawa ya samaki, na walimu wakaanza kuwaeleza watoto ndigana kama jambo la kale.

Masika iliyopita ukungu ulishambulia viungo vya mbawa, vipekuzi vikaanza kuanguka kimoja kimoja. Mhandisi Edwina Kokunura, msimamizi wa vyombo hivyo, alivishusha vyote ili vibadilishwe viungo. Kazi ilichukua siku ishirini na moja. Kitabu cha mwongozo kilisema wazi kwamba vipekuzi vinaweza kupumzishwa hadi siku thelathini bila madhara yoyote. Katika wiki sita zilizofuata, ng'ombe elfu arobaini na moja walikufa, wakikoroma, povu likiwatoka puani, hakuna dawa, hakuna chanjo. Watu walihitaji wa kumlaumu, naye Kokunura ndiye aliyekuwa ametia saini amri ya kuvishusha.

Jaji mstaafu Zubeda Mkanyia, mwenyekiti wa Tume, akatangaza mapumziko ya nusu saa.

Profesa alimkuta Kokunura nyuma ya jengo, ameketi juu ya ngazi za saruji, peke yake. Mwanamke yule wa miaka thelathini na minane alisimama upesi, akakunja magoti kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekunywa chai. Imetosha."

"Wakili wako anasemaje?"

"Anasema niombe radhi. Nikiri kwamba nilipaswa kuvishusha kwa mafungu, si vyote kwa pamoja. Akifanikiwa, nitafutwa katika orodha ya wahandisi, basi. Asipofanikiwa ni miaka miwili jela." Alijaribu kutabasamu. "Mimi si hoja, Mwalimu. Jana mama alikwenda sokoni Kayanga. Muuza ndizi akamwambia ndizi zake hazilishi mzazi wa mchawi. Mama karudi na kikapu kitupu, akaniambia soko lilikuwa limefungwa."

Profesa alitazama mlima uliokuwa mbele yao, majani yake marefu yasiyoliwa na mnyama yeyote. Swali alilokuja nalo alikuwa amelibeba tangu Tume ilipoundwa.

"Ile barua uliyoniandikia mwaka wa sita wa vipekuzi," akasema. "Bado unayo?"

Kokunura alitazama viatu vyake. "Ninayo. Imo mkobani."

"Umemwonyesha wakili?"

"Hapana."

"Kwa nini, binti yangu? Ndiyo kinga yako."

"Uliandika nisirudie, Mwalimu. Sikurudia."

Hakusema kwa kejeli. Laiti angalisema kwa kejeli, Profesa angaliweza kukasirika, na hasira ingalimpunguzia mzigo. Alisema kama mwanafunzi mwema aelezaye kwamba alitii. Kisha akamwamkia tena na kuingia ndani, akamwacha mzee yule amesimama kando ya ngazi.

Kosa la Bashaija lilianza kabla ya barua hiyo. Lilianzia bonde la Kihanga, katika boma la Bibi Kanyange.

Mwanamke huyo na wenzake walikuwa na desturi waliyorithi kwa mama zao. Ndama alipotimiza wiki tatu, walimpeleka katika ukanda mwembamba wa majani kando ya kijito, ambamo ng'ombe wakubwa walipitishwa mara mbili kwa mwezi ili wadondoshe kupe wachache, si wengi. Ndama alilisha pale asubuhi, akapata kupe wake wawili watatu, na baada ya siku kadhaa akashikwa na homa. Wanawake walikaa naye wakimdondoshea maziwa ya mama yake mdomoni. Kati ya ndama kumi walikufa mmoja au wawili. Walionusurika waliugua mara ile tu, na ndigana haikuwaweza tena maisha yao yote. Mahali pale waliita boma la homa.

Vipekuzi vilipofika, Kanyange alikataa visitue kwake. Bashaija alikwenda na amri ya wilaya pamoja na tingatinga. Bibi alisimama mbele ya ukanda wake, mikono kiunoni, akamwambia, "Profesa, ndama asipougua angali ananyonya, akija kuugua mkubwa hainuki." Naye alimjibu, kwa upole wa mtu anayemwonea mwenzake huruma, "Bibi, hakuna ndama atakayeugua tena." Tingatinga likapita. Picha ya boma lililosawazishwa aliitia katika kitabu chake cha kwanza, na chini yake akaandika: Mwisho wa ujinga.

Hakuwa mjinga yeye. Alijua maana ya kingamwili, ule ukumbusho wa ugonjwa unaobaki ndani ya damu. Vipekuzi vya mwanzo vilikuwa na vipimo viwili, cha vimelea na cha kingamwili. Mwaka wa sita, aliagiza kile cha pili kiondolewe ili chombo kipungue uzito wa gramu mbili. Ndipo Kokunura, akiwa mhandisi mpya, alipomwandikia. Alichora mchoro wa mstari mmoja ukishuka kama mteremko. Mwaka wa kwanza, ng'ombe themanini na saba katika kila mia walikuwa na kingamwili ya ndigana. Mwaka wa sita walikuwa wanne. Aliomba kipimo kirudishwe na zile siku thelathini za mwongozo zifutwe, kwa kuwa zilikokotolewa wakati ng'ombe wakijua kujikinga wenyewe. Barua ilimfikia Bashaija siku moja kabla ya kwenda kuvikwa nishani ya taifa. Aliisoma amesimama. Alielewa kwenye mstari wa tatu. Akachukua kalamu ya wino mwekundu, ile aliyosahihishia mitihani kwa miaka thelathini, akaandika pembeni: Nimeona. Usirudie. Akairudisha, kama daftari.

Kengele ya Tume ililia.

"Profesa Bashaija," akasema Jaji Mkanyia, shahidi alipokwisha kuapa, "tumekuita kama mtaalamu, si kama mshtakiwa. Swali letu ni moja. Je, vifo hivi vilisababishwa na kushushwa kwa vipekuzi vyote kwa siku ishirini na moja?"

Kwenye kishikwambi kilichokuwa mapajani mwake kulikuwa na jibu alilotayarishiwa na wanasheria wa Taasisi iliyomiliki vipekuzi: Ndiyo, kwa kiasi kikubwa. Lilikuwa jibu fupi, na kwa namna fulani halikuwa hata la uongo. Profesa alikilaza kishikwambi kifudifudi.

"Hapana, Mheshimiwa."

Minong'ono ikapita uwanjani kama upepo katika mahindi. Jaji akainua mkono.

"Fafanua."

"Ng'ombe waliokufa walikuwa wazima kabisa. Hilo ndilo lililowaua. Zamani, ng'ombe wa nchi hii aliugua utotoni, akapona, akabaki na silaha yake mwilini. Vipekuzi viliwanyima ndama ugonjwa ule mdogo. Baada ya miaka kumi na mmoja hakukuwa na ng'ombe aliyewahi kukutana na ndigana. Kupe wa nyati walikuwapo majanini siku zote, wakingoja. Mhandisi angevishusha kwa mafungu, wangekufa kwa mafungu. Angechelewa mwaka mmoja, wangekufa mwaka mmoja baadaye."

"Nani aliandika siku thelathini katika mwongozo?"

"Mimi."

"Zilikuwa za kweli?"

"Mwaka wa kwanza zilikuwa za kweli. Zilipoacha kuwa za kweli, niliambiwa."

"Na nani?"

"Na mshtakiwa." Akageuka. "Mhandisi, itoe ile barua."

Kokunura hakusogea. Wakili wake alimkodolea macho.

"Kokunura. Hili ndilo agizo langu la mwisho kwako. Itoe."

Aliitoa mkobani ikiwa ndani ya bahasha ya plastiki, haina hata kunyanzi. Jaji aliisoma kimya yote, kisha akasoma kwa sauti yale maneno ya wino mwekundu. Kamba ya ng'ombe ilisikika ikisuguana na mti.

"Mwanangu wa darasa la tatu," akasema yule mfugaji wa Kihanga, "hurudishiwa daftari lenye maelezo marefu kuliko hayo."

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Kwa nini, Profesa?" akauliza Jaji, na sauti yake ilikuwa imepoteza ukali wa baraza.

Angeweza kusema alikuwa na kazi nyingi. Angeweza kusema takwimu zilikuwa changa. Kwa miaka mitano alijiambia yote mawili kila alipokuwa akinyoa ndevu.

"Kwa sababu nilikuwa nimekwisha kulibomoa boma la Bibi Kanyange, na picha yake ilikuwa vitabuni. Sikuweza kuvumilia kwamba bibi asiyejua kusoma alikuwa amejua kabla yangu."

Katikati ya umati mwanamke mrefu, mkavu, aliyejifunga shuka la kijani, akasimama.

"Mimi kusoma najua," akasema Bibi Kanyange. "Nilisoma kwa masista mpaka darasa la saba. Kitabu chako ninacho nyumbani, hata yale maneno ya chini ya picha niliyasoma. Hukuniuliza, kama ambavyo hukuniuliza lolote."

Profesa aliinamisha kichwa. Hata katika kuungama alikuwa amemdharau tena, na hakuwa amejua.

"Haya," Bibi akaendelea, "umesema, tumesikia. Ndama waliozaliwa baada ya vifo wapo. Kupe wapo. Hivyo vidude vyako vitaanguka tena siku moja. Tufanye nini?"

Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa kuliko jela. Alikuwa na jibu, tena jibu sahihi, lakini aliyesimama kulitoa alikuwa amekwisha kuvunja kwa kinywa chake mwenyewe sababu yoyote ya kuaminiwa.

"Kiwanda cha chanjo kitachukua miaka miwili kufufuka," akasema. "Ndama walio hai ni elfu tisa. Wale wanaonyonya lazima waugue sasa. Vipekuzi visitue juu yao. Wapelekwe kwenye kupe wachache, kama mlivyofanya zamani, wakeshewe. Kati ya kila kumi, mmoja au wawili watakufa. Watakufa mbele ya macho yenu, nanyi mtakuwa mmewapeleka."

Uwanja ukalipuka.

"Kamaliza wakubwa, sasa anataka na watoto!"

"Mshushe huyo!"

"Apewe yeye hao kupe, tuone kama atainuka!"

Jaji aligonga meza mara nne, tano. Kelele zilitulia tu watu walipogundua kwamba Bibi Kanyange hajaketi. Wote walimtazama.

"Msinitazame kana kwamba nimefurahi," akasema. "Ningependa awe amekosea. Lakini hili la leo ni kweli, na lilikuwa kweli kabla hajazaliwa yeye. Ndama wangu ni kumi na saba. Ule ukanda umeota majani tena; Jumatatu wanaingia boma la homa. Atakaye aje aone, asiyetaka abaki na vidude." Kisha akamwelekezea Profesa kidole, kirefu, kisichotetemeka. "Na huyu aje. Asije na mashine wala wanafunzi. Aje akae."

Tume ilimfutia Kokunura mashtaka siku ya tatu. Taasisi ilimvua Bashaija cheo, nishani ikarudishwa ilikotoka, na kesi yake ikapangwa kusikilizwa baada ya mavuno. Alikwenda nyumbani kwa Kokunura kumwomba radhi. Mama yake alimpokea mlangoni kwa adabu zote, akamkaribisha kiti, akamwandalia maji ya kunywa, akamwambia binti yake amehamia Bukoba na sasa anatengeneza pampu za maji, na kwamba hakuacha anwani. Hata baada ya Tume kumsafisha, kule sokoni walikuwa wamezoea kumwita mchawi, na mazoea hayakusoma hukumu.

Homa iliwashika ndama wa Kanyange siku ya kumi na mbili. Matezi yalivimba chini ya masikio, macho yakatoa machozi, pumzi ikawa fupi. Profesa alikaa kwenye majani makavu, suruali yake ya suti imekunjwa hadi magotini, akajifunza kazi aliyokuwa ameiita ujinga: kuchovya kidole katika maziwa ya vuguvugu, kumpa ndama akilambe, kungoja, kuchovya tena.

"Usiharakishe," Bibi alimkemea. "Huyo hana mtihani wa kumaliza."

Ndama wa kwanza alikufa siku ya nne ya homa, saa sita mchana, kichwa chake mapajani mwa mzee. Alikuwa mweupe, bado na kitovu kikavu. Mkono wa Profesa ulikuwa ungali juu ya mbavu zisizoinuka tena.

"Pole, Bibi," akasema.

"Pole yako ipeleke kwa mwanangu Rwakashenyi, ukimjua aliko." Kanyange alizungumza bila kumtazama, akimfunika ndama kwa majani. "Alifukia ng'ombe mia mbili na thelathini kwa siku nne. Siku ya tano akanawa mikono, akavaa viatu vya mjini, akaenda. Hakuaga. Mimi nilikuwa jikoni, nikadhani anakwenda kuchota maji."

Profesa aliokota majani, akamsaidia kumfunika ndama.

Kabla jua halijateremka nyuma ya kilima, ndama mwingine, jike jekundu lililolala kama gunia tangu juzi, aliinua shingo. Aliyumba, akaanguka kwa magoti ya mbele, akainuka tena, akajikokota hadi chini ya mama yake na kuanza kunyonya kwa vishindo. Furaha ilimjia Bashaija ghafla, furaha safi asiyoistahili, naye akanyoosha mikono yote miwili kama mtu anayetaka kulikumbatia boma zima.

"Mwache anyonye," Bibi Kanyange akasema. "Utamshtua."

Mikono ikashuka.

"Kuna mwingine kule pembeni anapumua vibaya. Nenda."

Profesa akainuka, magoti yakimuuma, akachukua bakuli la maziwa, akaenda.